Mmea wa mama mkwe umenizidi nguvu, nami naogopa kuukata

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Naandika nikiwa na tatizo ambalo wenzangu wanaliona dogo, lakini mimi limeninyima raha tangu mwezi wa Julai. Nilipoolewa, miaka tisa iliyopita, mama mkwe wangu alinipa kitawi cha mmea wenye majani manene ya kijani yanayong'aa, ambao wauza maua wa hapa Arusha huuita jedi. Kitawi chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole. Alikuja nacho kutoka Makete akiwa amekiviringisha kwenye gazeti ndani ya kikapu cha viazi, akanikabidhi mbele ya wifi zangu huku akisema kwamba na yeye alipewa na mama yake mdogo. Nilikipanda kwenye kopo, baadaye nikakihamishia kwenye ndoo tupu ya rangi ya lita 20, na humo ndimo kilimo mpaka leo, barazani, mahali ambapo jua hufika asubuhi kwa muda mfupi tu.

Sasa si kitawi tena. Kimekuwa mti unaonifika kifuani, shina lake la chini ni nene kama kiwiko changu, na matawi yote yameelekea upande mmoja, kule kwenye mwanga, kiasi kwamba nimelazimika kuweka tofali ndani ya ndoo ili isipinduke. Mwezi wa Julai tawi moja kubwa lilikatika usiku bila upepo wowote, nikalikuta sakafuni asubuhi. Nilishindwa kulitupa, nikaliweka stoo. Majani ya ndani yanadondoka kila siku, mengine yakiwa ya manjano na laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mbwa wetu mdogo huyatafuna. Kwenye maungio ya majani nimeona vitu vyeupe kama pamba.

Mume wangu anasema tuchukue panga tuufupishe, yaishe. Jirani yetu anasema huo ni mti wa pesa, na anayeukata anakata riziki ya nyumba. Rafiki yangu mwingine alinishauri niumwagilie kila siku na kuuongezea samadi, nami nimefanya hivyo tangu Julai bila kuona nafuu. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mmea wa mama mkwe mwenyewe, uliokuwa nje kwake, uliungua kwa jalidi miaka miwili iliyopita, kwa hiyo huu wangu ndio pekee uliobaki kwenye ukoo, naye anakuja kwetu Krismasi. Je, nikiukata utakufa? Nikate wapi? Na ninaweza kupata miche mingine nimpe yeye pamoja na wifi zangu?

Mkwe Mwenye Hofu, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile tawi uliloliweka stoo, kwa sababu linajibu nusu ya barua yako. Kalitoe ulitazame vizuri kwenye mwanga. Ikiwa stoo yako ni kavu, utakuta pale lilipokatikia pamefunga gamba gumu la rangi ya kahawia, majani yamesinyaa kidogo lakini bado ni ya kijani, na sitashangaa ukiona vizizi vyembamba kama nyuzi vimeanza kuchungulia kwenye vifundo vya shina. Tawi hilo halikufa. Limekaa wiki kadhaa bila udongo wala tone la maji, na linachosubiri ni kupandwa. Mmea huu, ambao jina lake la kitaalamu ni Crassula ovata, asili yake ni kusini mwa Afrika, katika jimbo la Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, hadi Msumbiji, ambako huota kwenye miteremko ya mawe na vichaka vikavu. Huko tawi likivunjika na kuanguka, mara nyingi hutoa mizizi papo hapo lilipoangukia. Kuvunjika ni mojawapo ya njia zake za kuzaa. Kwa hiyo kisu chako hakitaufanyia jambo ambalo haulijui.

Hapo hapo nimalizane na jirani. Jina la jedi limetokana na jiwe la kijani linalothaminiwa sana nchini China, na habari za pesa zimetokana na majani yake manene ya mviringo ambayo watu huyafananisha na sarafu, ndiyo maana wengi hudhani mmea wenyewe umetoka Asia. Ni mmea wa bara letu hili. Na kama kuukata kungekata riziki, basi mama mkwe wako angeikata yake siku ile alipokuvunjia kitawi kile akakiweka kwenye kikapu cha viazi.

Kinachouua mmea wako ni maji. Hukunieleza kama ndoo hiyo ya rangi imetobolewa chini, na kwa jinsi ulivyoyaeleza majani yanavyodondoka, nadhani haijatobolewa. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo hupoteza maji mengi kwa jua. Huu hufanya kinyume: huvifungua usiku kunapopoa, ukaihifadhi hewa hiyo ndani ya majani katika hali ya asidi, kisha kunapokucha huvifunga na kuitumia akiba hiyo kutengeneza chakula wakati wa mwanga. Wanasayansi wameupa utaratibu huo jina la familia ya mmea huu, maana ndimo ulimochunguzwa kwanza kwa kina. Mmea unaobana matumizi kiasi hicho, ukiumwagilia kila siku ndani ya ndoo isiyo na tundu, tena katika baridi ya Julai na Agosti ya Arusha, unauzamisha. Jani la manjano na laini ni dalili ya maji kupita kiasi. Jani lililokunjamana huku udongo ukiwa mkavu ni dalili ya kiu. Na jani lililokunjamana huku udongo ukiwa umelowa ni dalili kwamba mizizi imeoza, kwa hiyo haiwezi tena kuyapandisha maji yanayoizunguka. Naamini pia kwamba tawi la Julai lilikatika kwa sababu ya uzito huo wa maji, pamoja na kurefuka ovyo kwa kutafuta mwanga.

Kwa hiyo leo, kabla ya kugusa kisu, acha kumwagilia. Ingiza kijiti kikavu hadi chini ya ndoo, ukichomoe, ukinuse. Kikinuka kama mtaro, usisubiri kupogoa ndipo uuhamishe. Utoe mmea humo mapema kwa namna nitakayoeleza hapo mbele. Kikitoka na unyevu tu bila harufu, toboa matundu matano au sita chini ya ndoo kwa msumari uliopashwa moto, uiache ikauke wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili una kazi mbili. Ya kwanza ni hivyo vyeupe kama pamba. Hao ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza maji ya mmea, na ukiangalia vizuri huenda ukaona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, kwa kuwa hulamba utamu wanaoutoa vidung'ata na kwa hiyo huwalinda. Zungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, uichovye kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, umguse mmoja mmoja mpaka ule weupe uyeyuke. Usisahau kwapa la kila jani, maana huko ndiko wanakojificha. Rudia kila baada ya siku tatu kwa muda wa wiki tatu hivi, kwa sababu mayai huwa hayafi yote mara ya kwanza. Usitumie sabuni ya unga, ambayo huondoa nta inayolikinga jani. Ni muhimu waanze kupungua kabla hujakata, la sivyo utawagawia wifi zako wadudu pamoja na miche.

Kazi ya pili ni kumpigia simu mama mkwe. Najua hilo hukuliuliza, lakini barua yako yote inalizunguka. Ukikata kwanza ndipo umweleze Krismasi akiwa amesimama barazani, hata kama mmea utakuwa umependeza, atakachokiona ni kwamba mliamua bila yeye. Wala huna haja ya kumwomba ruhusa kwa unyonge kana kwamba umeharibu kitu. Mpe habari njema: "Mama, mmea wako umekuwa mkubwa hadi tawi limevunjika, nataka kuupogoa, na katika matawi hayo nikuoteshee wako." Halafu mwulize yeye alikuwa akiukataje. Mtu aliyeutunza mmea huo mpaka akaweza kukugawia atakuwa na la kusema, na pengine atakufundisha jambo ambalo mimi silijui.

Barua yako imenifikia mwanzoni mwa Septemba, na huo ni wakati mzuri. Baridi inapungua, joto linaanza kupanda, mvua za vuli bado, na vidonda vitapata nafasi ya kukauka. Ungeniandikia Aprili, katikati ya masika, ningekwambia usubiri.

Sasa kukata. Mwambie mume wako aliweke panga lake. Panga hukata kwa kupiga, na shina la mmea huu ni laini na limejaa maji kama tango. Ukilipiga linapasuka na kubondeka kwa ndani, na palipobondeka ndipo uozo unapoingilia. Tafuta kisu chembamba kilichonolewa vizuri au mkasi wa kupogolea, ukifute kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohama kutoka tawi moja kwenda jingine.

Kaa chini karibu na mmea, ulishike tawi moja uliangalie kabla ya kukata chochote. Utaona kwamba majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekaa msalaba na jozi iliyo chini yake. Sehemu ambazo majani yamekwisha kudondoka, shina limebaki na mistari kama pete inayozunguka kidole. Pete hiyo ndiyo kifundo, na pande zake mbili, pale palipokuwa na majani, kuna macho yaliyolala. Kata juu ya pete, ukiacha kama nusu sentimita ya shina. Kipande hicho kidogo kitakauka na kudondoka chenyewe mpaka kwenye pete, kisha baada ya wiki tatu au nne macho yale yataamka, na mahali palipokuwa na tawi moja refu patatoka mawili. Ukikata katikati ya pete mbili utaacha kisiki kirefu kinachokauka polepole na kuharibu sura, ingawa hakitaua mmea.

Anza na upande ulioinama, kwa matawi marefu yenye majani yaliyoachana sana, kisha yale yanayokwaruzana na yanayoelekea ndani. Tawi lenye unene wa kidole gumba au zaidi likate kwanza kidogo kwa chini, ndipo ulimalizie kwa juu huku mtu mwingine akilishikilia, la sivyo litaanguka kwa uzito wake na kuchuna ganda la shina. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mmea safari hii. Wapo wanaoukata mpaka ukabaki shina tupu, nao ukachipua, lakini wako umedhoofika na sioni sababu ya kuujaribu. Kilichobaki kitasubiri mwakani. Kila unapokata tazama uso wa shina: ukiwa mweupe wa kijani pote, ni salama, ukiona doa au duara la kahawia katikati, huo ni uozo, shuka pete nyingine chini mpaka uone pasafi. Vidonda usivipake rangi wala udongo. Viache hewani, na usimwagilie kwa wiki nzima.

Matawi uliyoyakata ndiyo miche yako, na hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka. Chagua vipande vya sentimita 8 hadi 12 vyenye majani mazuri kichwani, toa majani ya jozi mbili za chini, kisha uvilaze kwenye gazeti mahali penye kivuli na hewa kwa siku tano hadi saba. Vilivyo vinene kama kidole gumba vipe hata wiki mbili. Usiviweke kwenye maji wala usivichomeke udongoni vikiwa vibichi. Unangoja kidonda kifunge lile gamba uliloliona kwenye tawi la stoo, ambalo ukiligusa kwa ukucha linasikika kavu kama kifuu.

Udongo wa kupandia uwe unaopitisha maji upesi: sehemu moja ya udongo wa bustani, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na sehemu moja ya kokoto ndogo au vipande vya mkaa vilivyopondwa. Ninyi wa Arusha mkiipata changarawe nyepesi ya volkano, ni nzuri kuliko kokoto. Chomeka kipande kwa kina cha sentimita 3 au 4, ukiegemeze kwa kijiti kama hakisimami, ukiweke penye mwanga usio wa jua kali. Maji ya kwanza yaje baada ya wiki moja, tena kidogo. Baada ya wiki tatu au nne kivute taratibu kwa vidole viwili. Kikikataa kutoka, kimeshika mizizi.

Majani nayo huota. Jani linalong'olewa kwa kusukumwa pembeni hadi litoke zima pamoja na kitako chake, ukiliweka juu ya udongo huo huo bila kulifukia, litatoa vizizi na kichipukizi kidogo. Ni jambo la kufurahisha kuliangalia, na watoto hulipenda, ila ni la polepole mno: ukianza Septemba, Krismasi utakuwa na mmea wenye ukubwa wa ukucha. Zawadi ya wifi usiitegemee hapo.

Mmea mkubwa uhamishe wiki mbili au tatu baada ya kupogoa, isipokuwa kama nilivyosema udongo unanuka. Uchomoe, ukung'ute udongo wote wenye samadi, ukate mizizi iliyo myeusi na laini, uuache kivulini siku tatu, kisha uupande kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kipana na kizito, chenye tundu. Kisiwe kikubwa sana kuliko mizizi. Udongo mwingi usio na mizizi hushika maji bure. Usimwagilie kwa wiki moja. Baada ya hapo kanuni ni moja: mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usimwagilie tena mpaka udongo ukauke hadi ndani, jambo ambalo wakati wa joto huweza kuchukua wiki mbili na wakati wa baridi mwezi mzima. Samadi, konzi moja iliyooza vizuri kwa mwaka inatosha.

Jua la muda mfupi asubuhi halitoshi, na ndilo lililouinamisha. Usogeze mahali utakapopata jua kwa muda wa saa nne au tano kila siku, lakini kwa hatua, ukiuongezea muda kidogo kidogo kwa wiki mbili, kwa maana majani yaliyozoea kivuli huungua na kuweka mabaka ya kahawia. Kingo za majani zikiwa nyekundu usiogope, hiyo ni rangi yake ya jua. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki, na tofali utaliondoa.

Huyo mbwa mzuie. Majani haya humdhuru mbwa na hata paka. Humtapisha na kumlegeza. Fagia yaliyodondoka kila asubuhi, na ukimwona amelegea mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Limebaki la mama mkwe. Lile tawi la Julai halihitaji kukaushwa tena. Lifute vidung'ata, lipande wiki hii kwenye chungu chake peke yake, na kufikia Desemba litakuwa na mizizi ya kutosha na pengine majani mapya kichwani. Jalidi liliuua mmea wake kwa sababu majani haya yamejaa maji, na maji yakiganda ndani hupasua kila kitu, kwa hiyo safari hii mwambie auingize ndani tangu mwisho wa Mei hadi Agosti ipite, karibu na dirisha. Siku ya kuondoka usimpe chungu abebe kwenye basi. Uchomoe mmea, ukung'ute udongo, uuviringishe mkavu kwenye gazeti. Utafika Makete salama, na hata akiupanda baada ya wiki moja hakuna kitakachoharibika, mradi asiumwagilie mpaka ukae udongoni siku saba.